Jinsi ya Kupekua Alama ya Biashara Kabla ya Kuiombea Usajili

Mfanyabiashara anayeanza mara nyingi hupekua jina lake kwa njia moja tu. Huliandika katika sehemu ya kutafuta majina kwenye mfumo wa mtandao wa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), akaona hakuna kampuni wala duka lenye jina hilo, kisha akaenda moja kwa moja kwa mchapaji kuagiza vifungashio. Miezi kadhaa baadaye, anapoomba jina hilo lisajiliwe kama alama ya biashara, Msajili humwandikia kwamba ombi limekataliwa kwa sababu ya alama ya mtu mwingine ambayo, machoni pake, haifanani na ya kwake hata kidogo. Nimewahi kuona mzigo mzima wa mifuko ya kilo mbili, iliyokwisha kuchapwa kwa rangi nne, ukiishia kupandia miche ya mipapai kwa sababu hiyo. Mwenye mifuko alikuwa amekosea mara mbili: alitafuta katika rejista isiyohusika, na alitafuta jina lile lile tu, ilhali sheria haiishii kuuliza kama alama mbili ni sawa sawa, bali huuliza pia kama mnunuzi wa kawaida anaweza kuzichanganya.

Mwongozo huu unafuata utaratibu wa Tanzania Bara, na unagusa Zanzibar na nchi jirani pale bidhaa inapovuka maji au mpaka. Ili mambo yasibaki hewani, tutakwenda na mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho: msindikaji mdogo wa Morogoro anayetaka kuuza unga wa lishe kwa alama ya neno "Dhahiri", pamoja na mchoro wa mlima.

Rejista tatu katika ofisi moja

BRELA hutunza rejista ambazo majina yake huwachanganya watu. Kampuni husajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni, Sura 212. Jina la biashara husajiliwa chini ya Sura 213. Alama ya biashara au ya huduma husajiliwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura 326, iliyotungwa mwaka 1986. Cheti cha jina la biashara huonyesha ni nani anayefanya biashara kwa jina fulani, lakini hakimpi mwenyewe mamlaka ya kumzuia mwingine asilibandike jina hilo kwenye bidhaa. Mamlaka hayo hutokana na usajili wa alama.

Kwa hiyo msindikaji wetu atapekua rejista zote tatu, huku akizipima kwa mizani tofauti. Rejista ya alama ndiyo yenye jibu la msingi. Rejista za kampuni na majina ya biashara zinamwonyesha watu ambao huenda hawajasajili alama yoyote, lakini wamelitumia jina hilo kwa miaka mingi na wanaweza kusimama kumpinga.

Je, neno lenyewe linasajilika?

Kabla ya kumtafuta mpinzani, ni vyema kuhakikisha kwamba neno lenyewe halina kasoro ya kuzaliwa nayo. Neno linaloitaja bidhaa, ubora wake, wingi wake au mahali inapotoka halimtofautishi muuzaji mmoja na mwingine, na hivyo haliwezi kuwa mali ya mtu mmoja. "Unga Bora" kwa unga, au "Asali Asilia" kwa asali, ni maneno ambayo kila mfanyabiashara ana haki ya kuyatumia. "Dhahiri" haliutaji unga wala sifa yake, kwa hiyo linapita. Likiandikwa "Dhahiri Lishe", Msajili anaweza kulikubali kwa sharti kwamba mwombaji hatadai haki ya peke yake juu ya neno "lishe". Bendera na nembo za taifa, alama za mashirika ya kimataifa, na msalaba mwekundu wa huduma za tiba viachwe kabisa.

Majina ya mahali yanahitaji tahadhari ya aina yake. Kilimanjaro ni bia, na Kilimanjaro ni maji ya chupa, nazo ni bidhaa za kampuni mbili tofauti. Anayechagua jina la mlima, mto au mji anachagua jina ambalo wengine nao wana sababu halali ya kulitamka, na atatumia fedha nyingi kulilinda kuliko ambazo angetumia kwa neno la kubuni. Kwa maoni yangu, msindikaji asiye na mfuko mzito aliepuke.

Kutafuta daraja la bidhaa

Alama hailindwi kwa kila kitu duniani. Hulindwa kwa bidhaa au huduma zilizotajwa katika ombi, na hizo hupangwa kwa madaraja 45 ya mpangilio wa kimataifa uliotokana na Mkataba wa Nice wa mwaka 1957: madaraja 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Hapa ndipo wengi hupekua nusu wakaacha nusu, kwa sababu huangalia daraja moja tu walilolisikia kwa mwenzao.

Tuutazame unga wetu kwa karibu. Unga wa nafaka kwa matumizi ya kawaida umo katika daraja la 30, pamoja na mchele, chai, kahawa, viungo na mkate. Lakini ikiwa kifungashio kitasema kwamba unga huo ni chakula cha watoto wachanga, basi tumeingia daraja la 5, ambamo chakula cha watoto wachanga hukaa pamoja na dawa. Nafaka ambayo haijasindikwa iko daraja la 31. Siagi ya karanga, ambayo wasindikaji wengi wa lishe huiongeza baada ya mwaka mmoja au miwili, iko daraja la 29. Togwa na vinywaji vingine visivyo na kilevi viko daraja la 32. Na kama mashine ile ile inasaga mahindi ya majirani kwa malipo, usagaji huo ni huduma ya daraja la 40. Msindikaji huyu basi anaomba usajili katika daraja moja au mawili, lakini anapekua katika madaraja sita, kwa sababu mwenye "Zahiri" ya siagi ya karanga anaweza kudai, na pengine akasikilizwa, kwamba mama anayenunua unga wa lishe atadhani vyote viwili vimetoka mkono mmoja.

Namba ya daraja si ukuta. Bidhaa mbili zinaweza kuwa katika daraja moja zisigongane, na zinaweza kuwa katika madaraja tofauti zikagongana. Kinachopimwa ni asili ya bidhaa, matumizi yake, wanaoinunua, na rafu inayouziwa. Bia na maji ya chupa yote ni daraja la 32, lakini hakuna mtu anayeagiza kimoja akidhani ni kingine.

Kuandika neno kwa makosa yake yote

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Kiswahili kina mitego ambayo programu za kutafuta alama, zilizotengenezwa kwa lugha za mbali, hazina habari nayo. Sauti dh, th na gh hazitamkwi kwa namna moja na watu wote. Wapo wanaosema "zahiri", wapo wanaosema "dahiri", na wapo wanaosema "thahiri", nao wote wanakusudia neno lile lile. L na r hubadilishana nafasi katika vinywa vya wasemaji wengi. H hudondoka au huongezwa pasipostahili, na irabu mbili zinazofuatana hufupishwa kuwa moja. Mtu aliyesajili alama yake kwa kuiandika kama anavyoitamka amekwisha kujiwekea haki juu ya sauti ambayo wewe unaiandika kwa herufi nyingine.

Orodha yangu ya kupekua "Dhahiri" ingeanza hivi: Dhahiri, Dahiri, Zahiri, Thahiri, Dhahili, Zahili, Dhairi, Zairi, Dhahir, Zahir, Dhaahir. Baada ya hapo ningetafuta vipande vya neno badala ya neno zima, yaani "dhah", "zahi" na "hiri", ili kuyanasa majina yaliyoungwa kama Dhahirifoods au Zahirimix. Kisha ningefuata ndugu wa neno: Dhihirisha, Dhihirika, Udhahiri. Viambatisho kama "Super", "New", "Mama", "Original" au jina la mji haviokoi alama, kwa hiyo navyo visimpumbaze mpekuzi. "Mama Zahiri" ni "Zahiri" aliyefungwa kitenge.

Halafu kuna maana. Alama mbili zinaweza kutofautiana kwa herufi zote na bado zikabeba picha moja kichwani mwa mnunuzi, hasa katika nchi ambayo bidhaa hupewa majina ya Kiswahili na ya Kiingereza bila ubaguzi. Mwenye mchoro wa simba na neno "Lion" kwenye kiberiti hatakaa kimya akiona kiberiti kingine kinaitwa "Simba". Kwa "Dhahiri", ningeangalia pia "Wazi", "Bayana" na tafsiri zake za Kiingereza na Kiarabu, ingawa hapa hatari ni ndogo kwa sababu hakuna picha inayojijenga upesi.

Jaribio ambalo halihitaji kompyuta ni la kumtuma mtoto dukani. Muuzaji yuko nyuma ya wavu, redio inalia, foleni ina watu watatu, na mtoto wa miaka minane anasema kwa haraka, "Naomba unga wa Dhahiri, kilo moja." Ikiwa kuna unga mwingine kwenye rafu ambao muuzaji anaweza kuunyakua kwa kusikia sauti hiyo, una mgongano, hata kama vifungashio viwili vikiwekwa sambamba mezani vinaonekana tofauti kabisa. Mnunuzi hatembei na alama ya kwanza mkononi ili ailinganishe na ya pili. Hutembea na kumbukumbu yake, nayo kumbukumbu hiyo haijakamilika.

Mchoro nao unapekuliwa. Nembo zenye picha hupangwa kwa namba za Mpangilio wa Vienna, ulioanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1973. Simba, kwa mfano, ana namba yake, 3.1.1, na milima iko katika kundi la 6.1. Mlima wa msindikaji wetu utaleta matokeo mengi mno, jambo ambalo lenyewe ni taarifa: mchoro unaotumiwa na kila mtu hauna nguvu ya kumzuia mtu, na haumzuii yeye kwa urahisi.

Mahali pa kutafuta

Mahali pa kwanza ni kwa Msajili mwenyewe. Maombi ya alama hupitia mfumo wa mtandao wa BRELA unaojulikana kama ORS, na mwombaji wa Kitanzania hufungua akaunti kwa namba yake ya kitambulisho cha NIDA. Kando na kutafuta mwenyewe, omba upekuzi rasmi ambao Msajili huutolea majibu kwa maandishi baada ya kulipiwa ada; ada hubadilika, kwa hiyo iangalie katika orodha inayotumika siku hiyo. Katika ombi hilo taja alama kama utakavyoiandika, madaraja yote uliyoyaorodhesha, na angalau tahajia mbili au tatu zilizo hatari zaidi. Pitia pia matoleo ya karibuni ya Jarida ambamo maombi yaliyokubaliwa hutangazwa, maana alama iliyotangazwa wiki iliyopita iko mbele yako kwenye foleni.

Zanzibar ina rejista yake. Usajili wa Bara hauvuki bahari, na wa Visiwani hauji Bara. Anayetaka kuuza Unguja na Pemba atapekua kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, ambako alama husimamiwa na Sheria ya Miliki za Viwanda Na. 4 ya mwaka 2008. Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam husahau jambo hili mpaka siku shehena inapofika bandari ya Malindi, Unguja.

Tatu, angalia hifadhidata ya ARIPO, shirika la miliki bunifu la Afrika lenye makao Harare. Chini ya Itifaki ya Banjul ya mwaka 1993, ambayo Tanzania na Uganda ni wanachama wake, mtu anaweza kuwasilisha ombi moja na kuzitaja nchi kadhaa. Wapo mawakili wanaobishana kuhusu nguvu ya usajili huo Tanzania Bara, kwa hoja kwamba itifaki haijaingizwa ndani ya sheria ya nchi. Mpekuzi hana haja ya kusubiri ubishi huo uishe. Akiona alama ya ARIPO iliyoitaja Tanzania, aihesabu kuwa kikwazo.

Nne, tumia Global Brand Database, hifadhidata ya WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, ambayo ni ya bure na humruhusu mtafutaji kupandisha picha ya nembo na kuletewa zinazofanana nayo. Humo zimo alama zilizosajiliwa kimataifa kwa mfumo wa Madrid, na hilo ni muhimu kwa anayelenga Kenya, mwanachama tangu mwaka 1998, au Rwanda, mwanachama tangu 2013, kwa kuwa kampuni ya mbali inaweza kuwa na haki Nairobi au Kigali bila kuwa na hata ghala moja huko. Kwa Kenya, KIPI, taasisi ya miliki za viwanda ya nchi hiyo, hupokea maombi ya upekuzi na kutoa ushauri wa awali. Matokeo ya nchi za mbali yasomwe kwa utulivu. Kampuni ya Disney ilisajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi, na watu wengi walighadhibika walipopata habari hizo mwaka 2018, lakini usajili wa Marekani unakomea Marekani, na wa nguo ni wa nguo. Isipokuwa alama mashuhuri sana: hizo hulindwa na Mkataba wa Paris wa miliki za viwanda hata pale ambapo hazijasajiliwa, kwa hiyo usijipe moyo kwamba jina la kinywaji kinachojulikana dunia nzima liko wazi katika daraja lako.

Mwisho, ingia sokoni kwa miguu. Zunguka Kariakoo na maduka makubwa ya mji wako, soma rafu, piga picha. Tafuta jina hilo Instagram, TikTok na katika majina ya tovuti yanayoishia kwa .tz. Mtu anayeuza kwa jina fulani bila kulisajili bado anaweza kukushitaki kwamba unauza bidhaa zako kana kwamba ni zake, ikiwa ataonyesha kwamba wateja walikwisha kumjua kwa jina hilo.

Kusoma matokeo

Upekuzi mzuri huleta majina mengi, na kazi ya kuyachuja ni kubwa kuliko ya kuyatafuta. Kipimo ambacho bado kinatajwa na mahakama za Afrika Mashariki kilitolewa Uingereza mwaka 1906 katika shauri la Pianotist, ambamo mwenye alama "Pianola" alipinga alama "Neola" kwa vinanda vinavyojipiga. Jaji alielekeza kwamba maneno mawili yachukuliwe kwa mwonekano na kwa sauti, zitazamwe bidhaa ambazo yatatumika kwazo, izingatiwe aina ya mteja atakayezinunua, na mazingira yote ya biashara. "Neola" ilipita, kwa kuwa kinanda ni kitu cha bei kubwa na anayekinunua hutazama kwa makini. Pakiti ya unga haina bahati hiyo. Huchukuliwa kwa sekunde mbili, na kwa sababu hiyo majina yake yanapaswa kuachana kwa mbali zaidi.

Kwa kila jina lililobaki, andika katika daftari namba ya usajili, mwenyewe, madaraja, bidhaa zilizotajwa, tarehe ya kuwasilishwa na hali yake ya sasa. Tarehe ina maana. Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7 na huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na Kenya hudumu miaka 10. Alama iliyokwisha muda haijawa mali ya umma siku hiyo hiyo. Mwenyewe anaweza kuirejesha, na kama bado iko kwenye rafu, kufa kwake kwenye karatasi hakukusaidii sana. Kinyume chake, alama hai kwenye karatasi lakini isiyotumika kwa miaka mfululizo inaweza kuombewa kuondolewa; Kenya kipindi hicho ni miaka 5.

Msindikaji wetu akikuta "Zahiri" ya daraja la 25, ya mashati, ataendelea. Akikuta "Zahiri" ya daraja la 30 kwa chai, ningemshauri abadili jina, kwa sababu chai na unga hukaa duka moja, rafu zinazotazamana, na mfuko wa mtu mmoja. Akikuta jina linalokaribiana katika daraja la 29, kuna nafasi ya mazungumzo: anaweza kuomba barua ya ridhaa ya mwenye alama, au kuipunguza orodha ya bidhaa zake. Kwa daraja la 5, hasa panapokuwa na dawa, kipimo ni kikali zaidi, na hapo ada ya wakili haipotei bure.

Kuna kitu kimoja ambacho upekuzi wowote hauwezi kukiona. Mkataba wa Paris humpa aliyewasilisha ombi katika nchi mwanachama miezi 6 ya kuliwasilisha katika nchi nyingine na kuhesabiwa kwa tarehe ile ya kwanza. Ombi lililoingia Nairobi mwezi Machi linaweza kufika Dar es Salaam mwezi Agosti na kukaa mbele ya ombi lako la Juni. Ndiyo sababu majibu ya upekuzi huandikwa tarehe, na ndiyo sababu hayapaswi kulala kabatini. Yakishakuwa mazuri, wasilisha ombi ndani ya siku chache, na asubuhi ya siku hiyo rudia kutafuta zile tahajia tatu au nne zilizokutia wasiwasi. Ombi likikubaliwa na kutangazwa katika Jarida, wengine wana siku 60 za kuweka pingamizi. Mchapaji wa mifuko asubiri mpaka siku hizo ziishe.